Kome wa Maji Baridi Hafi Ghafla: Jinsi ya Kutafuta Chanzo Kwenye Tangi la Nyumbani

Wengi wanaofuga kome wa maji baridi hapa Dar hufikia siku ya kusema, "Jana alikuwa mzima, leo nimemkuta amekufa." Mara nyingi sivyo ilivyokuwa. Kome uliyemkuta amefunuka leo huenda alianza kudhoofika miezi mitatu au minne iliyopita, na kinachomuua zaidi ni njaa. Dukani mteja huambiwa kwamba kome anakula uchafu na kusafisha tangi, kwa hiyo hana haja ya kulishwa. Mteja ananunua filta nzuri, maji yanang'aa mpaka unaona ukuta wa nyuma, na humo ndani kome hana hata tonge.

Kwa hiyo unapoona dalili yoyote kati ya hizi zifuatazo, hata ile ambayo chanzo chake kinaonekana wazi, jiulize pia: huyu kiumbe amekula nini mwezi huu?

Kwanza mjue aliye mzima

Kome mzima hujizika mchangani, sehemu kubwa ya mwili ikiwa chini, na kubakiza ukingo wa nyuma wa ganda juu kidogo. Mmulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, kisha utulie. Utaona ufa mwembamba kati ya maganda mawili, na ndani yake matundu mawili. Moja, la kuvutia maji, limezungukwa na vinyweleo vidogo vinavyochezacheza. La pili, la kutolea maji, ni dogo na kingo zake ni laini. Pitisha kivuli cha mkono juu yake: ufa unajibana. Ondoa mkono, subiri dakika chache, unafunguka tena. Jifunze kasi ya kome wako anapokuwa na afya, kwa sababu kipimo muhimu kuliko vyote ni mabadiliko ya kasi hiyo.

Hakikisha pia kwamba kweli una kome wa maji baridi. Kome na chaza waliookotwa ufukweni Kunduchi au Kigamboni, au walionunuliwa soko la samaki la Feri, ni wa baharini. Ukiwatia kwenye tangi la maji baridi watakufa hata ufanye nini. Wa maji baridi hutoka kwenye maziwa na mito yetu. Wapo wakubwa warefu, wa jamii ya Unionidae na Iridinidae, na wapo wadogo wa duara wenye mistari iliyopangana kwenye ganda, jenasi ya Corbicula, ambao Ziwa Victoria wapo. Usijitie kwenda kuokota mwenyewe Ruvu: mto ule una mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotuama kichocho kinakungoja. Kome haambukizi kichocho, lakini konokono wanaoishi naye sehemu moja wanaweza.

Amefunga na hafunguki

Aliyeletwa nyumbani leo, mwache. Siku moja au mbili za kujifunga baada ya kusafirishwa ni kawaida. Zikizidi hapo, au kome wa zamani akijifunga kutwa nzima, basi majini kuna kitu anachokikwepa. Hana pa kukimbilia, kwa hiyo hubana ganda na kungoja kipite.

Swali la kwanza: ulibadilisha maji lini? Kama amejifunga siku hiyo hiyo, mtuhumiwa ni maji yenyewe. Maji ya bomba ya Dar, ambayo sehemu kubwa yanatoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, yametiwa klorini ili sisi tunywe kwa usalama. Kuna siku harufu yake unaisikia ukifungua tu bomba. Yaweke kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, ukitumbukiza jiwe la hewa (lile la pampu linalotoa mapovu) kama unalo, au tumia dawa ya kuondoa klorini yenye sodiamu thiosalfeti. Na sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba; ioshe kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, la sivyo unaua bakteria wanaokulindia maji.

Kama unatumia maji ya kisima, yaonje. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Ulimi ukiisikia chumvi, maji hayo hayamfai. Kwa sababu hiyo hiyo, usimwage chumvi tangini kutibu samaki wakati kome yumo.

Maji ya mvua yanaonekana safi kuliko yote, na hapo ndipo watu wengi huteleza. Yakipita kwenye bati yanabeba zinki, na zinki ni sumu kwa jamii nzima ya kome na konokono. Tena hayana madini ya kujengea ganda. Kama huna mengine, yachote baada ya mvua kunyesha muda mrefu na bati kuoshwa, kisha uchanganye na ya bomba yaliyolala kwenye ndoo.

Swali la pili: umetia dawa gani? Dawa nyingi za kutibu samaki madoa meupe na vimelea zina shaba. Samaki anaweza kuistahimili kwa kipimo kilichoandikwa, kome hawezi. Soma kibandiko chote, na ukiona alama ya Cu, yaani shaba, usiimimine kwenye tangi lenye kome. Mtoe samaki mgonjwa, mtibu kwenye ndoo yake peke yake. Kama dawa imeshaingia, mhamishe kome kwenye maji mengine mara moja, badilisha maji ya tangi kwa awamu, na weka mkaa maalumu wa filta. Usimrudishe haraka, maana shaba hung'ang'ania mchanga na mawe, kisha hutoka kidogo kidogo.

Swali la tatu ni dawa ya mbu. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, ikiwa na dawa uliyopuliza. Samaki ndio wataanza kuumia, na vivyo hivyo kamba kama unao. Kabla ya kupuliza, zima pampu na ufunike tangi kwa kitambaa kilicholowa, kisha upishe chumba hewa vizuri kabla ya kuwasha.

Amefunuka

Mguse ukingo kwa kijiti. Akijibana upesi, alikuwa anapumua tu. Akijibana polepole, yu hai ila amechoka, soma sehemu ya njaa na ya joto. Asipojibana kabisa, mtoe, minya maganda kwa vidole, kisha uachie. Yakijifunua tena yenyewe bila kushikiliwa, misuli imeshakufa. Harufu itakuthibitishia. Usimrudishe "labda ataamka". Mtoe sasa hivi, kwa sababu zitakazomfuata ni samaki zako.

Akiwa hai lakini ukingo wake wa nyama umechanika, tazama wenzake wa tangini. Kambare haaminiki hata kidogo akiwa na kome. Sikilidi, samaki wa jamii ya perege, wengi wao hudonoa kila kinachojitokeza mchangani, na kome anayedonolewa kutwa hubaki amejifunga. Asiyefungua ganda hali. Waweke na samaki wadogo wapole, basi.

Anakuwa mzito kujibana, au amenyong'onyea bila sababu

Hii ndiyo njaa, na hapa nitakaa kidogo.

Kome hali uchafu wa chini ya tangi kama watu wanavyodhani. Hafukui mavi ya samaki, hali mabaki ya chakula yaliyolala mchangani. Anachuja chembe zinazoelea: mwani wa chembe moja moja, bakteria, na vumbi laini la mimea iliyooza, vitu ambavyo kimoja kimoja hakionekani kwa macho. Kome mkubwa huchuja lita nyingi za maji kila siku. Sasa mweke kwenye tangi la lita 60 lenye filta ya sponji, na labda taa ya kuulia mwani: wote watatu wanagombea chakula kile kile, na filta haichoki. Kwenye tangi kama hilo kome ataishi kwa akiba ya mwili wake. Ana akiba kubwa na anatumia nguvu kidogo, ndiyo maana miezi inapita hujaona kitu. Hakondi ukamwona, maana ganda linabaki na ukubwa ule ule.

Dalili zipo ukizitafuta. Ya kwanza ni kule kuchelewa kujibana. Ya pili, nyama laini inayofuata ukingo wa ganda hurudi ndani, ikaacha pengo pale ambapo zamani ilikuwa inagusa mwisho kabisa. Ya tatu ni ukingo wa ganda wenyewe: kome anayekula na kukua huwa na utepe mwembamba, mpya, wenye rangi hafifu, mwishoni kabisa mwa ganda. Kama miezi imepita na utepe huo haupo, na kome wako bado ni mdogo, hashibi.

Dawa ni maji ya kijani. Unaposafisha tangi, usimwage maji yote ya zamani. Jaza machupa makubwa ya plastiki yanayopitisha mwanga, tia kikombe cha maji ya kijani kutoka bwawa la samaki la mtu unayemwamini kuwa mbegu, na uyaweke juani, mdomo wazi lakini umefunikwa kwa chandarua ili mbu wasitage. Yatikise kila siku. Kwa jua la Dar, ndani ya wiki moja au mbili yatakuwa ya kijani. Yakitoa harufu ya uvundo au yakifanya utando wa buluu juu, mwaga na uanze upya.

Wakati wa kulisha, zima filta lakini acha pampu ya hewa. Mimina maji ya kijani mpaka tangi liwe na ukungu hafifu wa kijani. Huhitaji kulifanya supu. Acha saa moja au mbili, kisha washa filta. Fanya hivyo kila siku au kila baada ya siku moja. Ukitaka kuwa na uhakika kwamba kome fulani amepata, vuta maji hayo kwa bomba la sindano lisilo na sindano na uyaachie taratibu sentimita chache kutoka kwenye tundu lake la kuvutia. Usimchome mkondo usoni, atajifunga. Ukifanya vizuri utaona ule ukungu unavutwa ndani ya ufa, na maji yanayotoka tundu la pili yakiwa safi. Mimi sijui kitu kizuri cha kutazama kwenye tangi kuzidi hicho.

Ukikosa maji ya kijani, unga wa spirulina unasaidia. Koroga ule unaokaa kwenye ncha ya kisu ndani ya glasi ya maji, ngoja dakika moja chembe kubwa zizame, tumia maji ya juu. Chakula cha samaki cha vipande hakimfai hata ukikisaga, kitazama na kuoza. Hamira ina lishe duni na huchafua maji haraka. Na uji, maziwa, maji ya mchele, vyote hivyo tafadhali visikaribie tangi.

Kipimo cha kiasi ni hiki: ukungu wa jioni uwe umekwisha asubuhi. Kama bado upo, umezidisha au kome hali. Punguza, na upime amonia (sumu inayotokana na vinavyooza majini) kabla ya kulisha tena. Idadi nayo ina maneno. Kanuni yangu ni kome mkubwa mmoja kwa lita 100 hivi, na hata hapo ni kwa anayelisha kweli. Wanne kwenye tangi la meza ya sebuleni ni kuwagawia njaa.

Hatulii, anatembea au amelala juu ya mchanga

Siku za mwanzo ni kawaida, anachagua mahali. Mwenye kuhangaika wiki nzima ana sababu. Mara nyingi ni sakafu ya tangi: kokoto za rangi za dukani ni kubwa na ngumu, mguu wake hauwezi kuzichimba. Anataka mchanga laini wa mto, wenye kina cha sentimita 8 hadi 10, uliooshwa ndoo baada ya ndoo mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache.

Kama hutaki kubadilisha sakafu nzima, jaza mchanga kwenye kontena la plastiki lenye kimo hicho na uliweke kona moja ya tangi, kome wakae humo. Nawashauri wote wafanye hivi hata kama wana mchanga mzuri, kwa sababu utajua kila mmoja alipo. Kome aliyefia chini ya mchanga wa tangi kubwa ni balaa linalosubiri.

Kama mchanga ni mzuri na bado anatoka, fikiria njaa au upungufu wa oksijeni.

Maji yamekuwa na ukungu mweupe ghafla, samaki wanahema juu

Tafuta kome aliyekufa. Usianze na kitu kingine. Hesabu wote, aliyekosekana, mfukue. Nyama ya kome mmoja mkubwa ikioza kwenye maji ya joto hutoa amonia ya kutosha kuua samaki wote na kome waliobaki, na kome ni miongoni mwa viumbe wa maji baridi wanaoumizwa mapema zaidi na amonia.

Ukishamtoa, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyolala, ongeza hewa, acha kulisha kwa siku mbili, na upime amonia kila siku mpaka isomeke sifuri. Angalia na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Sehemu ya amonia iliyo sumu hasa huongezeka karibu mara 10 pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, na joto letu linaongeza kidogo juu ya hapo. Kwa hiyo kipimo kinachosomeka kidogo kwenye maji ya pH 8 si cha kupuuza.

Wote wamefunuka sana wakati mmoja, hasa Januari na Februari

Mmoja akifunuka, tafuta tatizo lake. Wakifunuka wote pamoja, ni hewa. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 ni 7.5 tu, na wakati huo huo mwili wa kome unahitaji zaidi. Miezi ya joto, tangi lililo karibu na dirisha la magharibi linapita nyuzi 30 bila shida. Lisogeze, elekeza feni ipulize juu ya uso wa maji, na fidia maji yanayopungua kwa maji yaliyolala. Chupa ya maji yaliyoganda inasaidia kwa saa chache, ila izungushe, isiteremshe joto kwa kishindo.

Umeme ukikatika, pampu ya hewa ndiyo ya kwanza kuokoa. Nunua ile ndogo inayotumia betri, au inayochomekwa kwenye pawabanki. Bila hiyo, chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara kwa mara. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe filta ya boksi moja kwa moja: maji yaliyolala humo yameishiwa hewa na bakteria wameanza kufa. Yamwage kwanza, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Ganda linaliwa

Kome wengi wa porini huja na kovu jeupe kwenye kile kichwa cha ganda, sehemu ya zamani kuliko zote. Hilo peke yake si ugonjwa. Piga picha siku ya kwanza, na nyingine baada ya miezi miwili. Kovu likipanuka, maji yako yanayeyusha ganda: pH iko chini ya 7 au hayana kalsiamu. Tia maganda ya kome au ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kupondwa, kwenye kisoksi ndani ya filta, au vipande vya mawe ya chokaa. Chokaa ya kupaka kuta ni kitu kingine kabisa; inapandisha pH kwa kasi na itaua kila kilichomo.

Vinyuzi vya ute na vijidoa kwenye mashavu ya samaki

Vinyuzi vya ute vyenye vumbi vinavyotoka pembeni mwa kome ni chembe alizozikataa. Vikiwa vingi, maji yana tope au umezidisha unga.

Kome wengi wakubwa huachia viluwiluwi ambao lazima wajishikize kwa samaki kwa muda ndipo wawe kome. Vijidoa vichache kwa samaki mwenye afya huondoka vyenyewe, usikimbilie dawa yenye shaba. Usitarajie pia watoto: samaki wa aina inayowafaa huenda hayupo kwenye tangi lako. Corbicula hawahitaji samaki, wao wanaweza kuzaa.

Kama huwezi kumlisha

Usimpeleke Mto Msimbazi, wala bwawa lolote la wazi. Huwezi kujua anachobeba. Mtafutie mtu mwenye chombo cha nje. Kwa maoni yangu, kome anafaa zaidi uani kuliko sebuleni: simtanki lililokatwa nusu, mchanga chini, kivuli cha mchana, magugu maji machache, na maji yanayoachwa yawe ya kijani yenyewe. Weka gapi (samaki wadogo wa tangi) wachache wale viluwiluwi wa mbu, maana jiji hili lilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na chombo cha maji kisicho na samaki ni mazalio. Funika kwa wavu wa kuzuia paka na kunguru, na uhesabu kome wako kila wiki.